Gari la otomatiki likitetemeka, usikimbilie kubadilisha giaboksi

Unakwenda zako taratibu kwenye barabara nzuri, spidi 60 au 70, mguu umeugusa mafuta kidogo tu. Mara gari zima linatetemeka kama linapita juu ya zile rasta za barabarani. Sekunde mbili, tatu, kisha kimya. Ukikanyaga zaidi linaacha, ukiachia linaacha, ukirudi kwenye spidi ile ile linaanza upya.

Sisi tunaoishi ughaibuni tunanunua magari ya zamani kwa sababu ndiyo tunayoyaweza, na hutufikisha kazini. Shida ni kwamba kwenye gereji ya kigeni unalipia kila saa ya fundi, tena unajieleza kwa lugha ambayo si ya nyumbani kwako. Mimi fundi aliendesha gari langu dakika tano, akashuka, akatikisa kichwa na kutamka neno moja: giaboksi. Nitafute nyingine au nitafute gari jingine. Nilikaa na neno hilo wiki nzima nikipiga hesabu. Kumbe ilikuwa oili.

Sisemi kila mtetemeko ni oili. Ninachosema ni kwamba mtetemeko wa aina hii una mahali pake pa kuanzia, na unaweza kuupima mwenyewe kabla hujampa mtu ufunguo.

Kinachotetemeka ni nini

Kwenye gari la otomatiki, kati ya injini na giaboksi kuna tokikonveta, chombo cha chuma cha mviringo kilichojaa oili. Ndani yake mna mapangaboi yanayozungushwa na injini, nayo yanairusha oili kwa nguvu kwenye mapangaboi mengine ya upande wa giaboksi, hadi na hayo yazunguke. Ndiyo maana unasimama kwenye taa nyekundu gari likiwa kwenye D na injini haizimi. Ubaya ni kwamba oili huteleza. Upande wa giaboksi daima unabaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo inageuka joto na mafuta yanayopotea bure. Kwa hiyo watengenezaji wakaweka klachi ndani ya konveta, nayo ikaenea kwenye magari tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Gari likishika mwendo, kompyuta inaifunga klachi hiyo, injini na giaboksi zinazunguka pamoja.

Klachi hii haitakiwi kufunga kwa kishindo. Inafunga pole pole, na kwenye magari mengi huachwa iteleze kidogo makusudi. Kinachoiwezesha kuteleza kwa ulaini ni dawa zilizochanganywa kwenye oili. Dawa zikichoka kwa joto na umri, klachi inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Buruta kiti kizito kwenye sakafu uone kinavyorukaruka badala ya kuteleza. Ndicho kinachotokea mle ndani.

Kupima kwa mguu wa kushoto

Endesha kwanza dakika 20 hivi, giaboksi ipate moto. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na gari nyuma yako. Shikilia spidi ile inayoleta mtetemeko. Ukianza, acha mguu wa kulia ulivyo kwenye mafuta, halafu kwa mguu wa kushoto gusa pedali ya breki kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kupunguza mwendo. Swichi ya breki inaiambia kompyuta ifungue klachi ya konveta. Mtetemeko ukikatika papo hapo na mshale wa mizunguko ya injini ukapanda kidogo, mshukiwa wa kwanza ni klachi hiyo. Ukiendelea vile vile, tafuta kwingine.

Fanya mazoezi mahali patupu kwanza. Mguu wa kushoto haujazoea breki ya otomatiki na haujui kugusa. Wangu ulikanyaga kana kwamba kuna klachi, mkanda ukanibana kifuani na simu ikaruka hadi kwenye kioo cha mbele.

Na usihukumu kwa jaribio hilo peke yake, kwa sababu injini inayomisi, yaani yenye silinda inayokosa kuwaka mara kwa mara, hudanganya vizuri sana hapa. Klachi ya konveta ikiwa wazi, oili inameza misi ndogo na wewe husikii kitu. Klachi ikifunga, kila pigo linalokosekana linafika mpaka kwenye kiti. Kwa hiyo ukigusa breki, klachi ikafunguka, misi nayo itajificha, na wewe utaisingizia giaboksi. Tofauti yake ni kwamba misi huzidi ukipanda mlima na kukanyaga mafuta kwa nguvu, na taa ya injini inaweza kuwaka kwa kupepesa. Kama plagi zimepitisha muda wake, badilisha plagi kabla ya kufikiria giaboksi. Nimewaona watu wakirukia kazi kubwa wakati koili moja tu ya plagi ilikuwa imepasuka.

Wasingiziaji wengine ni rahisi kuwatambua. Tairi isiyo na balansi hutetemesha kulingana na spidi tu, ukanyage mafuta usikanyage, na mara nyingi unaisikia kwenye usukani. Jointi ya ndani ya drafshafti (shafti inayopeleka nguvu kwenye tairi) iliyolika hutikisa gari unapoongeza mwendo kwa nguvu, ikaacha ukiachia. Mpira wa kushikilia injini ukikatika, gari hutetemeka limesimama kwenye D, ukiweka N linatulia.

Nunua au azima kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari. Soketi yake iko chini ya dashibodi. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia ya mwaka 1996 yanayo, na ya petroli ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001. Kodi, yaani namba ya hitilafu, ya P0300 au zile za P0301 na kuendelea zinakuelekeza kwenye injini. Tarakimu ya mwisho hutaja silinda inayomisi. P0741 inahusu klachi ya konveta yenyewe. P0700 inakwambia tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko yake, uisome nayo. Na kutokuwepo kwa kodi hakuisafishi giaboksi, maana mtetemeko huu mara nyingi huja bila taa yoyote.

Itazame oili

Kama gari lina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, egesha mahali tambarare, giaboksi ikiwa ya moto. Magari mengi hupimwa injini ikiwaka, gia ikiwa P. Honda nyingi hupimwa injini imezimwa muda mfupi tu uliopita. Kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Pangusa kijiti kwa karatasi nyeupe ya tishu na uangalie chini ya mwanga. Oili nzima ni nyekundu na inapita mwanga. Yangu ilitoka kahawia iliyokolea, na nilipoinusa ilinikumbusha waya wa umeme ulioungua. Kahawia maana yake imechoka. Nyeusi yenye vijichembe na harufu kali maana yake klachi za ndani nazo zimeanza kuungua, na matumaini yanapungua.

Ukikuta rangi ya waridi yenye utando kama maziwa, usiendeshe tena hata kilomita moja. Hayo ni maji ya radieta. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya radieta, na bomba likitoboka maji na oili vinaingiliana. Maji huilegeza gundi inayoshikilia ngozi za klachi. Mtetemeko ni dalili ya mapema ya balaa hilo, na ukiwahi kubadilisha radieta na kuitoa oili yote, giaboksi inaweza kupona.

Sasa aina ya oili. ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki, ni jina la ukoo. Ndani ya ukoo kuna Dexron, Mercon, T-IV na WS za Toyota, DW-1 ya Honda, Matic za Nissan, na wengine. Giaboksi iliyoandikiwa WS haitaki T-IV, ingawa zote ni za Toyota. Giaboksi za CVT, zile za mkanda zisizo na gia za hatua, zina oili yake kabisa, na ukiweka ATF ya kawaida unaiua. Zipo chupa zinazodai kufaa kila gari. Huenda zinafaa gari lisilo na shida, lakini gari linalotetemeka lina ugomvi na oili tayari, mimi nisingelipelekea mgeni. Soma kitabu, au soma maandishi kwenye kijiti chenyewe.

Kumwaga na kujaza, mara tatu

Ukifungua boliti ya chini ya giaboksi, haitoki oili yote. Nyingine imebaki ndani ya konveta na mabomba ya kupozea. Tuseme giaboksi inabeba lita 8 na zinatoka 3. Ukijaza 3 mpya, bado una lita 5 za zamani. Endesha siku kadhaa ichanganyike, mwaga tena: zinabaki 3 na kidogo. Mara ya tatu zinabaki karibu 2. Ndiyo maana anayebadilisha mara moja na kusema haikusaidia bado hajabadilisha.

Kabla hujagusa boliti ya chini, hakikisha sehemu ya kujazia inafunguka. Kuna waliomwaga oili yote ndipo wakagundua boliti ya juu imeshika kutu. Gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake, magurudumu yamewekewa vizuizi. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza. Ipokee kwenye chombo chenye vipimo, ukajaze kiasi kile kile kilichotoka. Kwenye giaboksi isiyo na kijiti, kipimo cha mwisho hufanywa kwa oili kuchuruzika kwenye boliti maalumu ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji. Kama huna kifaa cha kusoma joto hilo, hii hatua mwachie fundi.

Ukishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kubadilisha filta, utakuta sumaku ndogo zimevaa matope ya kijivu laini. Usiogope, hayo ni matumizi ya kawaida ya miaka. Cha kuogopa ni vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha. Wakati wa kurudisha, kaza boliti za sampu kwa kipimo, maana nyuzi za alumini hukatika kwa mtu mwenye hasira.

Utaambiwa usiguse oili ya zamani, eti ukiibadilisha giaboksi inakufa. Maneno hayo yana chembe ya ukweli. Giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha tayari itakufa, na oili mpya itabebeshwa lawama. Ninachokikwepa kwenye gari la zamani ni mashine ya kusukuma oili kwa presha. Kumwaga na kujaza ni upole. Wengine watakwambia oili hiyo ni ya maisha yote ya gari. Kampuni ya ZF, inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, inashauri oili yake ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000, au ikifika miaka 8. Nayo GM (General Motors) ya Marekani, kwa giaboksi zake za gia 8 za 8L45 na 8L90, iliwaagiza mafundi waitoe oili ya mwanzo na kuweka aina nyingine kwa sababu ya mtetemeko huu huu. Maagizo ya namna hiyo kutoka kwa watengenezaji huwekwa wazi kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la usalama barabarani la Marekani, ukitafuta kwa aina ya gari na mwaka. Hata kama huishi Marekani, soma.

Kwangu mzunguko wa kwanza ulipunguza mtetemeko. Wa pili ukaubakiza asubuhi za baridi tu. Baada ya wa tatu nikawa naisubiri ile spidi ya 65 kwa wasiwasi, na haikuleta kitu. Ukibakia kidogo, kuna vichupa vya dawa ya kurudisha ulaini wa klachi. Vinasaidia mara nyingi, ingawa havitibu klachi iliyolika. Oili chafu funga vizuri kwenye dumu uipeleke panapopokea taka za oili. Kuimwaga kwenye mtaro katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

Likiendelea kutetemeka

Baada ya mara tatu za oili sahihi bila nafuu, kinachobaki ni solenoidi, valvu ndogo ya umeme inayoiongoza klachi, valvu zilizolika zinazopitisha presha, au konveta yenyewe. Hapo unamhitaji fundi wa giaboksi hasa. Mwandikie kwa lugha yake, kwenye karatasi: spidi ngapi, gia ya ngapi, mguu mwepesi au mzito, injini ya baridi au ya moto, na ulipogusa breki nini kilitokea. Mwombe mpande wote gari, wewe uendeshe, umwonyeshe. Karatasi hiyo inaokoa saa ambazo ungelipia, na lafudhi yako haiwi tena kikwazo.

Akisema konveta, gharama kubwa ni ya kazi, kwa sababu giaboksi lazima ishushwe. Mwambie aandike kwenye makadirio kwamba atabadilisha sili ya mbele wakati giaboksi iko chini, na kwamba atasafisha mabomba na kipozea oili kabla ya kuifunga. Vumbi la klachi ya zamani limelala mle, na likiachwa linaingia kwenye konveta mpya siku ya kwanza gari linapowashwa.