Umepewa kazi ya kuandika wasifu wa babu? Pitia hapa kwanza

Kama we ndo mjukuu uliyesomasoma kidogo basi jua siku babu akiondoka daftari litaletwa kwako, saa nne usiku, mmekaa kwenye mkeka, mazishi kesho saa saba, na kila anayepita anakwambia andika tu fupi. Mimi ilinikuta Korogwe na nilikosea vibaya.

Anza na mwaka wa kuzaliwa maana hapo ndo tunaaibika. Wazee wengi ule mwaka wa kwenye kitambulisho walikisia tu siku ya kujiandikisha. Mi nikanakili 1941 kama ulivyo, kumbe mdogo wake wa kumfuatia kakaa pale mbele na yeye ndo wa 41, akacheka katikati ya msiba. Kwahiyo usiulize "alizaliwa lini", uliza kwa matukio: TANU inaanzishwa 1954 alikuwa anachunga mbuzi au kashaanza kunyoa ndevu? Uhuru 61 kashaoa? Azimio la Arusha 67 lilimkuta wapi? Vita ya Kagera, 78 kwenda 79, nani alikuwa mgongoni kwa bibi? Majibu mawili matatu yakikubaliana, weka "takriban" songa mbele.

Halafu wawahi wazee wenzie usiku huohuo, maana wakishazika wanapanda gari wanaondoka. Sisi wote tulimjua babu fundi baiskeli wa karibu na stesheni, basi. Rafiki yake ndo akatuambia alitoka Songea akaja Tanga kama manamba kukata mkonge, tukafungua sanduku la bati tukakuta kipande chake, ile kadi ya kuwekewa alama siku 30 za kazi, alama zimeishia 22. Kumbe siku ya 23 ndo kazaliwa shangazi mkubwa, babu akaacha kisu shambani hakurudi tena, akaanza kuziba pancha. Shangazi mwenyewe alikuwa hajui.

Hizo "alikuwa mcheshi, mpenda watu" achana nazo, kila marehemu ni mcheshi. Andika kitu alichokuwa anafanya. Babu alikuwa hamchaji mwanafunzi aliyevaa yunifomu hela ya pampu, hata awe mtoto wa tajiri, nikaandika hiyo tu watu wakaguna wote.

Sasa kwenye watoto hapo nenda taratibu. Kama kuna wake wawili au kuna wa nje, msomee msemaji wa familia orodha nzima kwa sauti kabla hujaiandika safi, wapange kwa kuzaliwa na usiweke neno "wa nje" mbele za watu, mi naona wote watajwe, kama kuna ugomvi wa urithi una siku yake. Ugonjwa sentensi moja inatosha, hatuhitaji ripoti ya daktari.

Jisomee kwa saa, ikizidi dakika 5 kata. Asubuhi kimbia steshenari ichapwe kwa maandishi makubwa, nakala mbili, na watu wawili wajiandae kusoma. Kwetu kaka alifika kwenye ile ya pampu sauti ikakata kabisa, kimya chini ya turubai, shangazi mkubwa akanyanyuka akachukua karatasi mkononi mwake akamalizia yeye.