Somo: Wino wa kampuni au wino mbadala? Piga hesabu kabla ya kununua chupa

Somo hili linahusu zaidi printa za matangi, zile zinazojazwa wino wa chupa: Epson L3110 na ndugu zake L3210 na L3250, maana ndizo zimejaa kwenye steshenari zetu. Canon za G na HP nitazigusa pale zinapotofautiana.

Kwanza tutenganishe maneno, kwa sababu dukani huwa yanachanganywa makusudi. Orijino ni wino wenye nembo ya aliyetengeneza printa. Mbadala una nembo yake wenyewe na haujifichi: lebo inasema unafaa badala ya wino wa Epson namba 103 au 664, basi. Hiyo ni biashara halali. Feki ni wino wa mtu asiyejulikana ndani ya chupa yenye nembo ya Epson, Canon au HP. Feki ndiyo hasara kubwa kuliko zote, kwa kuwa inauzwa bei ya kukaribia orijino na ikiharibu mashine huna wa kumlalamikia. Ukiuziwa, Tanzania peleka kwa Tume ya Ushindani, FCC. Kenya kuna Anti-Counterfeit Authority. Tukiondoa feki, swali linabaki kati ya orijino na mbadala.

Hatua ya 1: Jua hedi ya printa yako iko wapi

Hedi ni sehemu yenye matundu madogo yanayorusha wino kwenye karatasi. Kwenye Epson imefungwa ndani ya mashine. Ikiziba kabisa, ni fundi, na bei ya hedi mpya ni sehemu kubwa ya bei ya printa nzima. Kwenye HP ndogo za katriji (652, 123 na kadhalika) hedi ni kile kisahani cha rangi ya shaba chini ya katriji, kwa hiyo ukinunua katriji mpya umenunua na hedi mpya. Canon za G na HP Smart Tank ziko katikati: zina matangi, lakini hedi zinachomoka na zinauzwa peke yake.

Kuna tofauti nyingine ndani yake. Epson husukuma wino kwa kidude kinachojikunja kikipitishiwa umeme, hakuna moto. HP na Canon huuchemsha wino mpaka utoe povu linalorusha tone. Ndiyo maana wino mbovu kwenye HP huungua na kuganda juu ya kichemshio, wakati kwenye Epson adui ni kukauka na uchafu.

Hatua ya 2: Jua aina ya wino

Wino ulioandikwa Dye ni rangi iliyoyeyuka kabisa. Ulioandikwa Pigment una chembe ndogo sana zinazoelea. Epson 103 na 664 ni wa kuyeyuka rangi zote nne. Canon GI-490 nyeusi ni pigmenti, rangi zake ni za kuyeyuka. HP GT51 na GT53 nyeusi nazo ni pigmenti.

Kama huna uhakika, printi mstari mweusi, subiri dakika 5, lowanisha kidole, pitisha. Ukiburuza doa kama la chai, ni wa kuyeyuka. Pigmenti hubaki pale pale.

Kosa linaloua L3110 nyingi ni muuzaji kumwambia mteja "chukua huu, haulowani", kumbe ni pigmenti. Ukikutana na wino wa kuyeyuka uliobaki kwenye mirija, chembe hushikana. Kosa la pili ni wino wa vikombe na fulana, ule wa sublimation. Chupa zinafanana mno, soma lebo yote.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Epson wanatoa kurasa 4,500 kwa chupa ya 103 nyeusi ya ml 65. Kipimo hicho ni cha karatasi za majaribio zenye wino kidogo, kama barua ya kawaida. Mtihani wenye michoro unakula zaidi, na picha inayojaza karatasi inakula mara nyingi zaidi.

Tuchukue bei za mfano, wewe weka za mtaani kwako: orijino Sh 30,000, mbadala wa ml 100 Sh 8,000.

Orijino: 30,000 ÷ 4,500 = Sh 6.67 kwa ukurasa.
Mbadala: kwa mililita ungetoa kama kurasa 6,900, ila tushushe hadi 6,000 kwa sababu utasafisha hedi mara nyingi zaidi. 8,000 ÷ 6,000 = Sh 1.33.

Tofauti ni Sh 5.34. Rimu ya karatasi 500 ikiwa Sh 12,000, karatasi moja ni Sh 24. Karatasi inakugharimu kuliko hata wino orijino, jambo ambalo wengi hawalioni.

Sasa tuseme hedi na ufundi ni Sh 150,000. Gawanya kwa 5.34, unapata kama kurasa 28,000. Hapo ndipo akiba ya mbadala inapokuwa imelipa hedi moja. Steshenari inayotoa kurasa 400 kwa siku inafika huko siku ya 70. Ofisi ndogo inayotoa kurasa 20 inahitaji siku 1,400 za kazi, zaidi ya miaka 5, na printa isiyotumika sana ndiyo inayoziba.

Kwa hiyo anayeprinti sana ndiye wa mbadala, na anayeprinti kidogo ndiye wa orijino. Mara nyingi utakuta kinyume: mwenye kurasa tatu kwa wiki anabana elfu ishirini halafu anapoteza hedi.

Picha za pasipoti na za harusi zina hukumu yake. Kata picha moja katikati, nusu iweke kwenye droo, nusu ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa jua wiki 2. Zilinganishe. Ikipauka sana, wino huo ni wa risiti na barua, usiuzie mteja picha.

Hatua ya 4: Dukani

Angalia namba ya wino (103 si 664), neno Dye au Pigment, tarehe ya mwisho, na kizibo cha foili chini ya kifuniko. Wino wa kuyeyuka pindua chupa kwenye mwanga: kukiwa na tope chini, rudisha. Chukua rangi zote za nembo moja, na ukiipata inayokufaa usihamehame. Wino wa kupimiwa kutoka kwenye dumu lililofunguliwa usinunue, hata kwa bei ya bure; vumbi tu linatosha kuziba tundu la hedi.

Hatua ya 5: Kuhama kutoka orijino kwenda mbadala

1. Printi karatasi ya kukagua matundu kabla hujagusa kitu. Kwenye L3110 zima mashine, shikilia kitufe cha Stop, kisha washa. Kama mistari imekatika tayari, usije ukasingizia wino mpya.

2. Kwa bomba la sindano chukua ml 1 ya wino wa zamani na ml 1 ya mpya wa rangi ile ile, changanya kwenye glasi nyeupe, funika masaa 24. Inamisha glasi taratibu. Ukiona chenga au matabaka, wino huo hauivi na wa zamani.

3. Tumia wa zamani ushuke hadi karibu na mstari wa chini wa tangi, usivuke. L3110 haina kihisi cha kujua wino uliopo tangini, itaendelea kunyonya hata hewa.

4. Jaza tangi moja, lifunge, ndipo ufungue lingine. Midomo ya chupa nyingi za mbadala inaingia tangi lolote, kwa hiyo njano kuingia kwenye bluu ni sekunde moja. Simama kabla ya mstari wa juu.

5. Printi kurasa 10 zilizojaa rangi. Mirija bado ina wino wa zamani, usihukumu rangi kwenye ukurasa wa kwanza.

6. Kagua matundu tena. Mistari ikikatika, shikilia Stop sekunde 5 mpaka taa ya umeme ianze kuwakawaka. Hapo inasafisha hedi. Rudia usizidi mara 3. Bado? Zima, acha masaa 12, povu la hewa litulie, kisha jaribu tena. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino na kujaza sponji ya taka tu, ile inayonyonya wino unaomwagwa wakati wa kusafisha.

7. Andika nembo ya wino na tarehe kwenye utepe, bandika ubavuni mwa tangi. Fundi atakushukuru.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, asante kwa somo. Kijana wa dukani kaweka wino wa kuyeyuka kwenye tangi jeusi la Canon G3411. Inaprinti freshi tu, niache?*

Usiache. Piga picha herufi "e" kwa karibu na simu: utaona kingo zina vinywelewele, wino unatambaa kwenye karatasi. Nyonya tangi kwa bomba la sindano, jaza pigmenti, fanya usafishaji wa kina mara 1. Ikigoma, hedi nyeusi ya G inachomoka, unabadilisha hiyo tu.

*Kaka, HP yangu ilikuwa inakubali katriji mbadala, juzi imeanza kuzikataa. Sijagusa kitu.*

Mashine imejisasisha kupitia intaneti. HP wana kinga inayokataa chipu isiyo yao, na masasisho huja nayo. Zima masasisho ya yenyewe kwenye mipangilio kabla hujaanza kutumia mbadala. Katriji ya HP yenyewe iliyojazwa upya hupita, kwa kuwa chipu ni ile ile, ila kipimo cha wino kitasema imeisha. Na kama printa uliiwasha kwa mpango wa HP+, ulikubali wino wa HP maisha yake yote.

*Mwalimu, shule ikifungwa mwezi mzima printa ya ofisi inaziba. Tufanye nini?*

Mtu aprinti ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki. Na muhimu zaidi, zimeni kwa kitufe cha printa, si kwenye soketi. Ukizima kwa kitufe, hedi inarudi pembeni na kufunikwa na mpira. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inabaki wazi inakauka. Ukirudi, washa, acha itulie, kisha zima vizuri.

*Fundi kaniambia mbadala ukiwa mzito niongeze spiriti.*

Hapana. Spiriti inapaa haraka na kuacha rangi kavu mdomoni mwa matundu. Wino uliokuwa mzito umeharibika, mwaga.

*L3110 taa zinawaka kwa zamu, fundi ameriseti kwa programu ikapona. Ni sawa?*

Kama ujumbe kwenye kompyuta ulihusu sponji ya taka, aliyeriseti amerudisha kihesabu sifuri, sponji yenyewe bado imelowa. Mwambie aitoe na kuweka mpya, la sivyo wino utatokea chini ya printa na kushuka kwenye meza.

*Na tona je, ule unga wa printa za leza? Nina HP P1102, katriji yake ya 85A nimejaza mara ya tatu, kuna doa linajirudia.*

Pima kwa rula. Likijirudia kila sm 7.5, ni dramu iliyochubuka, ile silinda inayobeba unga kwenda kwenye karatasi. Dramu iko ndani ya katriji, kujaza unga hakuibadilishi. Badilisha dramu na kile kipande cha kufuta pamoja, au nunua katriji mbadala nzima. 85A mpya inahesabiwa kurasa 1,600.