Namna ya Kulinda Akaunti ya Barua Pepe, Hatua kwa Hatua

Barua pepe ndiyo akaunti ya kulindwa kabla ya nyingine zote, kwa sababu karibu kila huduma ya mtandaoni, kuanzia benki hadi mitandao ya kijamii, hutuma huko kiungo cha kubadilishia nenosiri. Anayeishika anaweza kuzichukua zilizobaki moja baada ya nyingine. Mpangilio ufuatao ndio ninaoutumia ninapowasaidia waliodukuliwa, na unamfaa pia ambaye bado hajaguswa.

Hatua ya 1: Anza na kifaa. Sasisha mfumo endeshi na kivinjari, kisha ondoa programu na viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) usivyovitambua. Ukiruka hatua hii, programu hasidi iliyojificha italinasa nenosiri jipya palepale unapoliandika.

Hatua ya 2: Weka nenosiri jipya, refu, ambalo halitumiki kwingine kokote, na uliache litungwe na kuhifadhiwa na programu ya kutunzia manenosiri. Desturi ya kulibadilisha kila baada ya miezi michache haina faida. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuipendekeza mwaka 2017.

Hatua ya 3: Mtoe mvamizi. Katika mipangilio ya usalama, ondoa vifaa vyote vilivyoingia isipokuwa unachokitumia, kwa kuwa aliyeiba kuki za kivinjari chako, yaani faili ndogo zinazoitambulisha tovuti kuwa umeshaingia, anaweza kuendelea kuingia bila kuulizwa nenosiri. Kisha kagua vichujio (kanuni zinazopanga barua zenyewe) na usambazaji wa barua kwenda anwani nyingine, mahali ambapo wengi hawapatazami kabisa. Mvamizi mzoefu huacha humo kanuni moja tu: kila barua yenye neno “malipo” au “ankara” ipelekwe kwenye anwani yake, kisha ifutwe kikashani. Kanuni hiyo inaweza kuendelea kufanya kazi hata baada ya nenosiri kubadilishwa, na mwenye akaunti hushangaa tu kwamba wateja wake wamenyamaza.

Hatua ya 4: Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa ithibati nyingine baada ya nenosiri. Namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kukosa kinga yoyote, lakini tapeli anaweza kumshawishi mhudumu wa kampuni ya simu aihamishie laini yako kwenye kadi yake. Programu ya uthibitishaji, ambayo kwa kawaida hutoa tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30, haitegemei laini, ila nayo ina udhaifu: ukiziandika tarakimu hizo kwenye ukurasa bandia, mitambo ya tapeli huzipeleka kwenye tovuti halisi kabla muda wake haujaisha.

Ndiyo maana ninapendekeza ufunguo wa siri (kwa Kiingereza “passkey”), njia ya kuingia bila kuandika nenosiri, teknolojia ambayo Apple, Google na Microsoft zilitangaza Mei 2022 kuwa zitapanua matumizi yake. Kifaa chako hutengeneza funguo mbili zinazokwenda pamoja; mmoja hukabidhiwa tovuti, na wa pili, ambao tovuti haiuoni kamwe, hufunguliwa kwa alama ya kidole, uso au namba ya siri ya kifaa. Ufunguo huo umefungamana na anwani ya tovuti, hivyo kwenye ukurasa bandia ambao anwani yake imewekwa sifuri mahali pa herufi “o”, kivinjari hakitautoa, hata kama wewe mwenyewe umeshadanganyika.

Hatua ya 5: Kagua njia za kurejesha akaunti. Futa namba ya simu usiyoitumia tena, kwani kampuni za simu huwapa wateja wapya namba zilizoachwa. Chapisha namba mbadala, yaani zile ambazo huduma hukupa za kuingilia ukikosa simu, na uzihifadhi mbali na simu, kisha sajili ufunguo wa siri wa pili kwenye kifaa kingine. Ukishajaribu funguo zote mbili na kuona zinakuingiza, ondoa ujumbe mfupi katika njia za uthibitishaji iwapo huduma inaruhusu, kwa sababu ukiuacha, tapeli atabofya “jaribu njia nyingine” na kuupita ufunguo wako bila kuugusa.