Sadaka ya Parokia Unapokuwa Mbali: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuondoka

Muumini anaposafiri kwa majuma kadhaa, au anapokwenda masomoni au kazini kwa miezi mingi, mahitaji ya parokia yake hayasafiri naye. Hostia na divai, umeme, maji, mishahara ya wafanyakazi na msaada kwa maskini wanaobisha hodi ofisini huendelea kugharimiwa kama kawaida, na mara nyingi bajeti imepangwa kwa kuwategemea wale wale waliozoea kutoa. Kwa hiyo sadaka ya asiyekuwepo hupangwa vizuri zaidi kabla hajaondoka. Anayejiambia kwamba atalipa yote akirudi huwa anajirundikia deni ambalo siku ya kurudi, baada ya gharama za safari, mfuko wake hautaliweza.

Jambo la kwanza ni kuelewa wajibu wenyewe, maana anayeuelewa hatahitaji kukumbushwa. Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataka waamini kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, ili lipate yanayohitajika kwa ibada, kwa kazi za utume na mapendo, na kwa riziki inayofaa ya wahudumu wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2043, inaongeza kwamba kila mmoja anachangia kadiri ya uwezo wake, na sheria hiyo ya Kanisa zima haitaji asilimia yoyote. Mtume Paulo naye, alipokuwa akikusanya msaada kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliwaagiza Wakorinto kwamba siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba nyumbani kwake kadiri ya kufanikiwa kwake, michango isije ikafanyika wakati atakapofika (1 Kor 16:2). Kutenga mapema, kwa kiasi kinacholingana na kipato, ndilo jambo linalomfaa zaidi msafiri.

Hapa pana mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Kushiriki Misa ya Dominika kunatimizwa katika kanisa lolote ambamo Misa inaadhimishwa kwa madhehebu ya Kikatoliki, kama kanuni ya 1248 inavyosema. Lakini unachotia kapuni huko ugenini ni cha kanisa hilo, na hakifiki kwenu. Ni vema basi kuamua kabla ya safari kiasi cha kutoa mahali utakaposali, bila kukikata kutoka katika ahadi uliyoiweka kwenye parokia yako. Asiyeweza kubeba yote mawili atoe kidogo ugenini na atimize ahadi yake, kwa kuwa ahadi ndiyo ambayo wenzake wameitegemea.

Muda wa kutokuwepo unastahili kupimwa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu baada ya kipindi fulani swali la parokia yako ni ipi hubadilika. Kwa mujibu wa kanuni ya 102, anayeishi katika eneo la parokia akiwa na nia ya kukaa hapo walau miezi 3, au aliyekwisha kukaa miezi 3, anapata makazi ya muda. Anayenuia kubaki daima, au aliyetimiza miaka 5, anapata makazi ya kudumu. Kanuni ya 107 inasema kwamba kwa makazi ya aina zote mbili mtu hupata paroko wake mwenyewe. Hii ina maana kwamba mwanafunzi, au mfanyakazi wa mkataba mrefu, anaweza kuwa na parokia mbili kwa wakati mmoja, na kwake naona ni haki kugawa sadaka yake, akijiandikisha huko aliko na kumweleza paroko wa nyumbani kiasi atakachoendelea kutuma.

Njia ya kutuma ndiyo penye hatari nyingi. Chukua namba ya akaunti, au ya malipo kwa simu, kutoka ofisi ya parokia yenyewe, na uhakikishe kwamba imesajiliwa kwa jina la parokia, wala si la padre, la mhazini au la kiongozi yeyote. Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo, kisha mpigie mhazini kuthibitisha kwamba kimeingia. Ujumbe unaodai kutoka kwa paroko na kuomba fedha kwa haraka kwenye namba mpya usijibiwe kwa kutuma chochote. Piga simu ofisini kwa namba unayoijua tangu zamani. Unapoagiza benki ikate fedha kila mwezi, chagua tarehe inayofuata mara baada ya mshahara, na uulize makato ni kiasi gani, hasa kama fedha zinavuka mipaka ya nchi, kwa kuwa kutuma mara moja kwa miezi 3 kunaweza kuipatia parokia zaidi kuliko kutuma kila juma. Asiyependa mambo ya benki anaweza kumwachia ndugu mwaminifu bahasha zilizokwisha kuandikwa tarehe.

Kila unapotuma, taja jina lako, namba yako ya uandikisho kama ipo, na kusudi la fedha: zaka, sadaka ya Dominika, ujenzi au maskini. Kanuni ya 1267 inaagiza kwamba kilichotolewa kwa kusudi maalumu kitumike kwa kusudi hilo tu, lakini mhazini hawezi kulilinda kusudi ambalo hakuandikiwa. Tazama pia kalenda, usipitwe na makusanyo maalumu kama yale ya Nchi Takatifu siku ya Ijumaa Kuu na ya Dominika ya Misioni mwezi Oktoba. Fedha za nia za Misa, yaani za Misa unazoomba ziadhimishwe kwa ajili ya mtu au jambo fulani, zitume peke yake na uzungumze na ofisi kuhusu tarehe, kwa maana kila nia iliyopokewa pamoja na sadaka yake, hata iwe ndogo, inadai Misa yake.

Tunza risiti zote. Na ikiwa kutokuwepo kwako kunageuka kuwa kuhama, mwandikie paroko ukitaja mwezi wa mchango wako wa mwisho, ili kamati ya fedha isiendelee kukuhesabu. Kisha sitisha agizo la benki, na kama ulikuwa na ahadi ya ujenzi ambayo haijakamilika, imalize au omba waziwazi ipunguzwe.