Mtoto anahema? Mfunue mdomo, usiishie kumwangalia usoni

Jamani wazazi wenzangu wa Mwanza, naandika hii maana kwa mtoto wa dada yangu pale Kirumba tulikaribia kuchelewa kujua kuwa amekosa oksijeni. Tulimwangalia usoni tukaona weusi wake ni ule ule, mpaka bibi akamsogeza mlangoni akamfunua mdomo, ufizi umekuwa kijivu kama majivu ya mkaa, ulimi unaelekea zambarau.

Kwa ngozi yetu ubluu wa kukosa oksijeni hauonekani kirahisi shavuni. Angalia ulimi, ufizi na ndani ya mdomo wa chini, halafu kucha na viganja, tena kwenye mwanga wa mchana maana tochi ya simu inabadilisha rangi. Kama anacheza na anapumua vizuri, uliza kwanza kama amekula zambarau, msuuze uangalie tena.

Vidole tu vikiwa vya bluu na ulimi uko mwekundu, mara nyingi ni baridi, kama mvuvi aliyerudi alfajiri kalowa, mpashe mikono joto rangi itarudi. Ulimi ukiwa wa bluu hapo usisubiri, inaweza kuwa nimonia, pumu, moyo, kapaliwa au kanywa maji ziwani.

Hesabu pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Miezi 2 hadi 11, zikifika 50 ni mbio, mwaka 1 hadi 5 ni 40. Mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, nenda hata kama rangi iko sawa, maana mwenye damu kidogo sana anaweza asiwe wa bluu kabisa, na huku kanda ya ziwa watoto wenye seli mundu, ugonjwa unaopunguza damu, ni wengi.

Ukiwa na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, futa rangi ya kucha na hina kwanza. Asilimia 95 kwenda juu ni nzuri, chini ya 90 ni dharura, ila kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kidogo. Na aliyelala na jiko la mkaa chumbani usimpime nacho kabisa, hewa ya sumu ya mkaa inakidanganya, kinaweza kuonyesha 98 na mtu anakufa, mtoe nje mpeleke hospitali.

Njiani mkalishe wima, legeza nguo, usimnyweshe uji wala dawa. Ukiweza piga simu kabla uulize kama wana oksijeni, sisi kituo cha kwanza mtungi ulikuwa mtupu, tukapanda bajaji tena mpaka hospitali ya Sekou Toure.