Kutengeneza kielelezo cha kirusi cha homa ya mafua kwa boya na wavu

Mwalimu mwenzangu unayefundisha baiolojia huku kando ya ziwa, vifaa vya somo hili si vya kuagiza mbali: pita soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, utafute boya jepesi la wavu lenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, la aina inayochomeka waya, pamoja na kipande cha wavu mkuukuu, waya mwembamba na uzi wa rangi mbili. Kirusi cha homa ya mafua kina kipenyo cha takriban nanomita 100, kwa hiyo boya hilo ni kirusi kilichokuzwa mara 1,000,000, na kwa kipimo hichohicho seli moja ya njia ya hewa ingefikia upana wa mita 10 hivi, yaani ingejaza darasa.

Kata waya vipande vifupi, kunja ncha ya kila kimoja iwe kama ndoano, kisha vichomeke kote kwenye boya vikichomoza sentimita 1.4 hivi. Hizo ndizo himaglutinini, protini ambazo kirusi hujishikizia. Kwenye wavu funga vitanzi vingi vya uzi mwekundu, vikiwakilisha asidi ya sialiki, ambayo ni sukari iliyo kwenye ncha za minyororo ya sukari inayofunika seli.

Hapa nakusihi usiharakishe. Tumezoea kueleza jinsi kirusi kinavyoishika seli kwa mfano wa kufuli na ufunguo, nami naamini kwamba mfano huo unapotosha. Nasisha ndoano moja kwenye kitanzi kimoja, utikise wavu, na boya litaanguka. Nasisha kumi, utikise tena, nalo litabaki. Mshiko wa himaglutinini moja ni dhaifu sana, na kirusi hakibanduki kwa sababu ya wingi wa mishiko hiyo midogo inayofanya kazi kwa pamoja.

Funga pembeni vitanzi vya uzi wa buluu, viwakilishe namna ya pili ya asidi hiyo. Asidi ya sialiki huungana na sukari inayoifuata kwa namna mbili kuu: virusi vya binadamu hupendelea ile iliyo kwa wingi puani na kooni mwetu, yaani nyekundu, na vya ndege hupendelea nyingine, ya buluu. Wanafunzi ambao kwao hufugwa bata huuliza maswali mazuri hapa. Waambie kwamba tofauti hiyo ni mojawapo ya sababu za virusi vya ndege kutosambaa kirahisi kati ya watu. Wasidhani pia kwamba kila kirusi hushika sukari, kwani cha UVIKO-19 huingia kwa kushika protini iitwayo ACE2.

Sasa lizungushie boya wavu wote, kama seli inavyokimeza kirusi ndani ya kifuko. Kifuko huzidi kuwa na asidi, na pH inapokaribia 5 himaglutinini hubadili umbo kwa ghafla, jambo ambalo mwavuli wa kubonyeza hulionyesha vizuri: sehemu iliyofichika hurefuka, hudunga utando wa kifuko, kisha hujikunja na kuvuta tando mbili, wa kirusi na wa kifuko, hadi zikaungana, na vipande 8 vya RNA, yaani vinasaba vya kirusi, vikapita kuelekea kwenye kiini cha seli.

Fungua wavu, boya likiwa bado limenasa kwenye vitanzi kama kirusi kipya kilichozaliwa na seli, kisha chukua mkasi. Huo ni nyuraminidasi, protini nyingine iliyo juu ya kirusi, ambayo hukata asidi ya sialiki ili virusi vipya viachane na seli. Kata vitanzi, boya liondoke. Kisha funga vitanzi vingine, uubane mkasi kwa utepe na umpe mwanafunzi ajaribu: ndivyo dawa ya oseltamivir inavyoziba sehemu ya protini hiyo inayokata, na virusi vipya vikabaki vimening'inia kwenye seli iliyovizaa.