Atelier Marie: jinsi ya kupanga miaka mitano ya alkemia, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia RPG ya Kijapani, yaani gemu ya kuigiza mhusika unayemkuza taratibu, akili inaenda moja kwa moja kwenye upanga mkubwa na jitu linalotaka kuiangamiza dunia. Mwaka 1997 gemu ya Final Fantasy VII ilitoka Januari ikafagia kila kitu, alafu Mei mwaka huohuo kampuni ndogo ya Nagano, Japani, inaitwa Gust ikatoa gemu ya PlayStation ambayo tangazo lake lilisema waziwazi kwamba habari za kuokoa dunia wameachana nazo. Ndo hii Atelier Marie. Wewe ni Marie, jina lake kamili Marlone, mwanafunzi wa alkemia (ufundi wa kuchanganya vitu upate kitu kipya) mji wa Salburg mwenye matokeo mabaya kuliko wote waliowahi kupita pale Akademi, na mwalimu wako Ingrid badala ya kukufukuza anakupa karakana na miaka mitano utengeneze kitu kimoja cha kumridhisha. Hakuna mfalme wa mashetani anayekusubiri, kinachokusubiri ni kalenda.

Na hapo ndo wengi wanakwama. Wanaicheza kama RPG nyingine, wanatoka nje kupiga mazimwi ili wapande levo, wanarudi mjini mwezi umekata na mfukoni hakuna kitu. Mi nimeizoea hii gemu na ninaipenda sana, kwahiyo naandika mwongozo huu kwa mtu anayeanza kabisa, na kitu kimoja tu naomba ukishike tangu mwanzo: kwenye gemu hii siku ndo pesa yako ya kweli, zile sarafu za fedha zinafuata nyuma.

HATUA YA 1: Chagua toleo na modi

Toleo la zamani la PlayStation lilitoka kwa Kijapani tu, kwahiyo kama husomi Kijapani utapata shida maana gemu nzima ni maandishi. Mwaka 2023 mwezi wa Julai walitoa rimeki, yaani gemu ileile iliyotengenezwa upya, ipo Nintendo Switch, PS4, PS5 na Steam ya kompyuta, na ina Kiingereza. Wahusika ni walewale, mji uleule, na moyo wa gemu ni uleule, picha ndo zimekuwa vidoli vidogo vizuri vya 3D. Nyingi ya hatua hapa chini zinafanya kazi kote kote.

Ukianza rimeki utaulizwa unataka modi ya kawaida yenye miaka mitano au ile isiyo na kikomo cha muda. Chukua ya kawaida. Najua ile nyingine inaonekana rafiki zaidi kwa mgeni, ila ukitoa kikomo umetoa kitu chenyewe, maana kila uamuzi humu una maana kwasababu kuna siku unaitumia na haitarudi. Isiyo na kikomo ifuate baadaye ukitaka kuzunguka na kuona matukio yote kwa utulivu.

HATUA YA 2: Usitoke mjini kabla hujazunguka mji

Siku ya kwanza pita sehemu mbili. Kwanza Akademi, kuna duka pale anauza dada mmoja anaitwa Aura, ndo dada yake Kreis, yule kijana mwenye miwani anayeongoza darasa. Kwa Aura unanunua vitabu, na kitabu ndo resipe, yaani maelekezo ya kutengeneza, bila kitabu hujui kutengeneza kitu hata kama vifaa vyote unavyo kapuni. Nunua kile cha bei ya chini kwanza. Vile vya bei kubwa vina vitu vya levo ya juu na ukijaribu kuvichanganya mapema vingi vitaharibika, utabaki na takataka na siku zimeenda.

Pili nenda baa ya Dio. Huyu mzee ndo dalali wako. Kwake unapata oda za watu: fulani anataka kitu fulani, vipande kadhaa, siku kadhaa, malipo kadhaa. Soma zote, usichukue hata moja kwanza, soma tu uone watu wanataka nini zaidi. Oda zinazojirudia ndo zitakulisha mwaka wa kwanza.

HATUA YA 3: Msitu wa karibu, na kapu lako

Sasa toka. Nenda ule msitu ulio jirani kabisa na mji, usiende kwingine. Ni karibu, mazimwi yake ni mepesi, na vitu vyake ndo msingi wa nusu ya kila kitu utakachofanya miezi ya mwanzo. Utaokota nyasi za uchawi, na utaokota uni, lile dude la miiba lililojikunja kama mpira ambalo limekuwa alama ya mfululizo wote wa magemu ya Atelier mpaka leo.

Angalia mambo mawili ukiwa kule. Kadri unavyochuma muda unasogea, na kapu lina kikomo. Kwahiyo usichume kila unachokiona, chuma kile ulichokuja kukichukua, jaza, rudi. Mtu anayerudi na kapu nusu ametupa safari, na anayeongeza siku mbili porini akisubiri bahati ya kitu adimu ambacho bado hana hata kitabu chake naye ametupa siku.

HATUA YA 4: Nyutralaiza kwanza, mengine baadaye

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo kiini.

Alkemia ya Marie imejengwa kwa ngazi. Kitu cha kwanza kinatoka kwenye malighafi mbichi, kitu cha pili kinahitaji kile cha kwanza, cha tatu kinahitaji cha pili, na ukifika kwenye vitu vikubwa kama jiwe la wanafalsafa unakuta mti mrefu wa vitu ndani ya vitu. Na karibu chini ya kila mti kuna nyutralaiza, yaani ile dawa inayofanya vitu viwili visivyopatana vikubali kukaa chungu kimoja. Zipo za rangi. Ya kijani inatoka kwenye nyasi za uchawi, ya bluu inatoka kwenye maji ya ziwa Hebel, nyekundu inatoka kwenye mwamba wa Kanone. Ukiona hivo unaelewa kwanini nimekupeleka msituni kwanza, maana ya kijani unaanza nayo bila kuvuka hata mto.

Tengeneza nyingi. Usitengeneze mbili za oda ukaacha. Kila ukichanganya unapata uzoefu wa alkemia, na levo ya alkemia iko mbali na levo ya kupigana, hizi ni mbili tofauti, unaweza kuwa mbabe wa porini na bado chungu kikakushinda. Levo ya alkemia inapanda kwa kuchanganya vitu. Kwahiyo zile nyutralaiza za ziada zinakupa vitu vitatu kwa mpigo: uzoefu, stoo ya kuuzia oda inayokuja, na msingi wa kitu cha ngazi ya pili.

Kabla hujabonyeza kuanza, soma mistari yote ya resipe. Kuna vitu vinataka chombo, sio malighafi peke yake, mfano kinu cha kusagia, mizani, vyombo vya kioo. Kama huna chombo haifanyiki au unahangaika bure, na vyombo vinanunuliwa. Ukipata pesa ya kwanza ya maana, kabla ya silaha, kabla ya nguo, nunua chombo. Silaha inakusaidia kwenye pigano moja, ila chombo kinakufungulia resipe nyingi kwa pamoja.

HATUA YA 5: Kupiga hesabu ya oda

Sasa rudi kwa Dio uchukue oda. Kabla hujakubali piga hesabu hii, na uwe unaipiga kila mara mpaka mwaka wa tano:

siku za kwenda + siku za kuchuma + siku za kurudi + siku za kuchanganya vyote + siku chache za akiba

Tuseme oda inataka nyutralaiza ya bluu tano ndani ya siku 20. Tuseme kwenda ziwani ni siku tatu, kuchuma siku moja, kurudi tatu, hapo saba. Tuseme kila moja inakula siku moja kwenye chungu, tano, jumla kumi na mbili. Weka akiba tatu kwa ajili ya kupumzika kama Marie karudi hoi. Kumi na tano. Inaingia, chukua. Sasa ongeza hapo oda ya pili inayotaka malighafi ya njia ileile ya ziwani, safari inakuwa moja malipo mawili, na hapo ndo faida ilipo. Ni kama fundi cherehani wiki ya kabla ya Idd, hakati kitambaa cha mteja mmoja mmoja, anapanga za rangi moja pamoja ndo anakalia cherehani.

Ukichelewesha oda jina lako linashuka na malipo hupati, kwahiyo bora ukatae tatu utekeleze mbili. Na mbinu ninayoipenda kuliko zote: ukishajua oda zipi zinarudirudi, weka stoo yake tayari. Unaingia kwa Dio, unaikuta oda, unakubali, unakabidhi palepale, siku sifuri. Mwaka wa kwanza ukiuendesha hivi, wa pili unaanza ukiwa na mtaji.

HATUA YA 6: Watu wa kusafiri nao

Kikosi ni Marie na wengine wawili. Wapo wa kulipwa, kila mmoja na bei yake, kama Ruven kijana mwenye upanga au Mu dada aliyetoka kusini, na wapo watu wako wa karibu kama Schia rafiki wa utotoni na Kreis. Kwa safari za msitu wa karibu usilipe mtu wa bei kubwa, haina maana kabisa. Lakini chagua wawili watatu uwe unarudia kwenda nao, maana urafiki unakua kwa kusafiri pamoja, na matukio mazuri ya hii gemu yamefichwa ndani ya urafiki. Mtu anayebadilisha watu kila safari anamaliza gemu bila kuwajua.

Mwenye nguvu sana ni Enderk, kamanda wa askari wa kifalme. Huyo mwache kwa ajili ya sehemu ngumu kama mnara wa Erfolg, na usiende mnara ule kabla hujawa na mabomu uliyotengeneza mwenyewe. Marie hapigani kwa misuli, anapigana kwa kile alichokipika, na bomu kama flam likitoka kwenye chungu chako ni kali kuliko fimbo yake kwa muda mrefu tu.

HATUA YA 7: Ajiri vibwengo

Kuna msitu wa vibwengo, ukiupata usipite tu. Unaajiri kibwengo kwa mshahara, anakaa karakana, unampa kazi ya kuchuma au ya kuchanganya vitu, na wewe unafanya yako. Wanatofautiana uwezo kwa rangi, wa bei rahisi ni mzito wa kazi ila hata huyo mchukue. Kumbuka nilichosema, siku ndo pesa. Kibwengo mmoja anayetengeneza nyutralaiza wakati wewe uko safarini amekuongezea siku ambazo kwenye kalenda hazipo. Ukishakuwa nao kadhaa gemu inabadilika kabisa, unaacha kuhangaika na vitu vidogo unaanza kufikiria vikubwa. Cheki tu mishahara mwisho wa mwezi isikukute mifuko mitupu.

HATUA YA 8: Chagua lengo mapema, mwaka wa tatu sio wa tano

Hapa ndo watu wanalia. Wanacheza vizuri, oda wanapiga, pesa ipo, alafu mwaka wa tano unafika wanauliza sasa nimpe Ingrid nini. Kitu kikubwa kinahitaji levo ya alkemia ya juu, vitabu vya bei, vyombo vyote, na malighafi za sehemu za mbali zenye mazimwi ya kweli. Hayo huyapati kwa miezi sita. Ikifika katikati ya mwaka wa tatu kaa chini, fungua resipe ya kitu unachokitaka, shuka nacho ngazi kwa ngazi mpaka kwenye majani na mawe, andika kwenye karatasi. Ndio, karatasi kabisa. Alafu kila safari kuanzia hapo iwe inachukua kitu kimoja cha ile orodha.

Na Schia. Nimemtaja juu juu ila msimsahau. Anaumwa, na dawa yake ni Elixir, ambayo ni kazi ya levo ya juu. Gemu haikulazimishi. Hakuna mshale wala alama nyekundu inakwambia nenda. Unaweza kumaliza miaka yote mitano ukauza mabomu na ukapata cheti chako na yeye akabaki vilevile na ugonjwa wake. Ndo maana naiheshimu hii gemu, imekupa ujuzi na imekuacha uamue mwenyewe utautumia kwa nani. Mi nashauri Elixir iwe ndo lengo la kwanza kubwa, hata kabla ya cha Ingrid, na vifaa vyake vingi havipotei bure maana vinakupandisha levo ileile unayoihitaji kwa mtihani.

HATUA YA 9: Kabla ya siku ya mwisho

Mwezi mmoja kabla ya muda kuisha acha kuchukua oda. Sevu kwenye faili tofauti, hii ni lazima, maana miisho ipo mingi na inategemea umempa Ingrid nini, levo zako zikoje, na umeishi vipi na watu. Kuna wa kufeli kabisa kama ulicholeta ni cha kawaida, kuna wa kuhitimu, kuna wa kuendelea na masomo ya juu ya Meister, na mingine siisemi hapa. Mpelekee kitu cha levo ya juu kuliko vyote ulivyonavyo, usimpelekee kile kizuri cha kuangalia. Ukishaona mwisho wako rudi kwenye ile faili, badilisha kitu kimoja tu, uone.